Bei ya Nyati wa Ukutu Hupangwa Mbali na Ukutu

KWA miaka mingi, ilipofika 1 Julai na msimu wa uwindaji wa kitalii kufunguliwa, pesa ilianza kuteremka kutoka Morogoro mjini kuelekea kusini, kwa barabara ya Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Ilikwenda kwa sura ya mafuta ya magari, unga, mchele, matairi na mishahara ya wapishi, madereva na wafuata nyayo. Mfanyabiashara wa Ukutu hakuhitaji kuijua bunduki ili afaidi msimu huo. Alihitaji kuwa na bidhaa dukani, na kujua ni kampuni gani iliyopewa kitalu mwaka ule.

Hapo penye "mwaka ule" ndipo pana hatari. Nyati wa Ukutu hakubadilika kati ya miaka ya 1990 na leo, wala nyasi anazokula. Kilichobadilika mara kwa mara ni karatasi inayoruhusu auawe: nani aipate, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na pesa yake igawanywe vipi. Karatasi hiyo haiandikwi Kisaki. Huandikwa Dodoma, na siku hizi sehemu yake huandikwa Washington, London na Brussels. Mwenye duka, mwenye lori au mwenye hisa chache katika biashara hii asipofuatilia huko, atauziwa hasara akidhani ni bahati mbaya.

LESENI SI HAKI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika Tanzania hakuna kitu kinachoitwa haki ya kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na wako mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba si mwenye swala aliyelala shambani humo. Kijiji si chenye nyati anayekunywa maji kwenye bwawa la kijiji. Anayetaka kuwinda huomba ruhusa, hulipa, na ruhusa yaweza kuondolewa.

Mambo si hivyo kila mahali. Huko Marekani zaidi ya majimbo 20 yameiandika haki ya kuwinda na kuvua katika katiba zao. Vermont ilifanya hivyo tangu 1777, na Florida ikajiunga kwa kura ya wananchi ya Novemba 2024. Wawindaji wa huko wana nguvu ya kisiasa kwa sababu moja iliyo wazi: wao ndio walipaji. Sheria iliyopitishwa mwaka 1937, ijulikanayo kama Pittman-Robertson, iliitenga kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11, na pesa hiyo hurudi kwenye idara za wanyamapori za majimbo. Mwindaji akisimama mbele ya mbunge wake husema, "Mimi ndiye ninayelipia pori hili."

Kwa Ukutu mlipaji ni mgeni na mwenye gharama ni mwenyeji. Tembo anapoingia katika mahindi ya Mkutu, hasara haipelekwi kwa mwenye leseni. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho na kifuta machozi: Sh. milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na kati ya Sh. 25,000 na Sh. 100,000 kwa ekari ya mazao, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi 5. Ni vigumu kuiita fidia, na waliotunga kanuni hawakuiita hivyo. Ndiyo maana mvutano wa kisheria hapa haukuwa wa mwindaji kudai haki. Umekuwa wa vijiji, kampuni na Serikali kugombania mgawo.

KARATASI YENYE HISTORIA

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni lake na kutenga mapori mawili, moja likiwa upande wa Rufiji. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1921, wakalipanua pori la Rufiji na kuliita Selous, jina la mwindaji aliyeuawa Beho Beho katika vita Januari 1917. Kwa Wakutu na Waluguru maana ya sheria hizo ilikuwa moja: babu aliyewinda kwa wavu na mbwa akawa jangili kwa sahihi ya mtu asiyemjua.

Baada ya Uhuru umiliki ulibaki Serikalini, sera ikayumba. Mwaka 1973 uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku. Mwaka 1974 ikaja Sheria Namba 12 ya wanyamapori. Mwaka 1978 uwindaji ukafunguliwa tena, lakini chini ya shirika la umma la TAWICO, na kampuni binafsi zikaingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Kwa hiyo aliyewekeza kambi mwaka 1972 alifungiwa baada ya mwaka mmoja bila ya kosa lake.

Katika miaka ya 1990 kitalu kimoja kililipiwa dola 7,500 za Kimarekani kwa mwaka, kizuri na kibovu kwa bei ileile. Mtu yeyote wa soko anajua nini hutokea bidhaa ya daraja la kwanza inapouzwa kwa bei ya daraja la mwisho: anayeipata huikodisha kwa mwingine na kukaa nyumbani akihesabu faida. Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni zilizopewa vitalu vingi ziliwakodisha wengine, na tofauti ya bei haikuingia Hazina wala kijijini.

Baada ya sheria ya 2009 vitalu viligawanywa katika madaraja matano, cha juu kikalipiwa dola 60,000 kwa mwaka na cha chini dola 5,000. Yaani kitalu bora kilipanda mara nane kuliko bei ya zamani, na kilicho duni kikashuka chini yake. Sheria hiyo pia iliweka masharti mawili yanayomhusu moja kwa moja mwekezaji mdogo wa Kitanzania. Kampuni za kigeni zisipewe zaidi ya asilimia 15 ya vitalu vyote, na kampuni ya uwindaji iwe na angalau asilimia 25 ya hisa mikononi mwa raia.

Masharti hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Yalitokana na malumbano ya muda mrefu kati ya wabunge, wizara na wenye kampuni, ambao wana chama chao, TAHOA. Hata hivyo, raia anayeitwa ghafla kuwa "mwanahisa" wa asilimia 25 bila kutoa senti wala kuona hesabu za kampuni ajue kwamba ameazimisha jina. Hisa ni ile yenye cheti, yenye gawio, na yenye haki ya kuuliza maswali katika mkutano mkuu.

UKUTU YATAKA CHAKE

Sehemu nene ya habari hii ni ya vijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Selous ilikuwa imevuliwa nguo na majangili. Tembo waliohesabiwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976 walikuwa wamebaki sehemu ndogo. Serikali, kwa msaada wa Wajerumani kupitia GTZ, ilianzisha mpango wa hifadhi ya Selous ambao ulikubali jambo lililokuwa likikataliwa tangu Wissmann: mwanakijiji asiyepata kitu kutoka porini hatamkamata jangili, na huenda akamkaribisha.

Vijiji vilivyo mpakani, Ukutu ikiwamo, vikapewa mgawo wa wanyama wachache kila mwaka. Askari wa wanyamapori wa kijiji waliwinda kwa idhini, nyama ikauzwa hapo hapo kijijini kwa bei nafuu, na pesa ikaingia katika mfuko wa kijiji. Hesabu haikuwa kubwa, lakini kitoweo kilikuwa halali na aliyekila hakujificha. Vijiji zaidi ya 20 vya Ukutu vikaunda jumuiya moja ijulikanayo kama JUKUMU, ili visimame kwa sauti moja mbele ya wilaya na wizara.

Hapo ndipo Ukutu ilipoonja mwendo wa sheria. Mpango ulikuwa ukifanya kazi kwa vitendo, lakini haukuwa na mguu wa kisheria. Mgawo ulikuwa hisani ya idara. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ndiyo iliyotamka kwamba vijiji vitenge maeneo yao na kunufaika nayo. Kanuni za kuyaanzisha maeneo hayo, ambayo leo yanaitwa Hifadhi za Jamii za Wanyamapori, zikatolewa mwishoni mwa 2002, na maeneo 16 yakachaguliwa kwa majaribio, Ukutu ikiwa mojawapo. Sheria yenyewe iliyoweka jambo hilo katika kitabu ilipitishwa 2009. Kutoka sera hadi sheria ni miaka 11. Mtoto aliyezaliwa Bwakira wakati sera inatangazwa alikuwa tayari anasoma shule ya msingi.

Katika miaka hiyo yote kijiji kilitakiwa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kusajili jumuiya, kuchora ramani, kuandika katiba na kusubiri sahihi. Nyaraka hizo hugharimu pesa na utaalamu ambao vijiji havikuwa navyo, hivyo vikategemea wafadhili. Ni sawa na kumwambia mchuuzi wa Soko Kuu la Morogoro awasilishe hesabu zilizokaguliwa kabla ya kupewa meza ya nyanya.

Kwa upande wa mapato, kanuni ziliagiza kwamba katika pesa inayofika kwenye jumuiya, angalau nusu iende kwa vijiji wanachama, na sehemu nyingine itumike kulinda pori na kuendesha jumuiya. Nusu inasikika kubwa mpaka msomaji akumbuke mambo mawili. Kwanza, ni nusu ya kile kilichobaki baada ya Serikali kuchukua chake. Pili, hugawanywa kwa vijiji zaidi ya 20. Hata hivyo ni pesa yenye jina na kanuni, si hisani tena, na kijiji chaweza kuiulizia.

WAMI-MBIKI: UPANDE WA PILI WA SARAFU

Upande wa kaskazini mashariki wa Morogoro kuna pori jingine, Wami-Mbiki, lililo kati ya barabara kuu ya Dar es Salaam na mto Wami. Hili nalo lilikuwa katika yale 16 ya majaribio, likiunganisha vijiji 24 vya wilaya tatu za Morogoro, Mvomero na Bagamoyo. Mfadhili wake mkubwa alikuwa Chama cha Wawindaji wa Denmark, kilichoingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa matumaini kwamba pori likilindwa, wanyama wataongezeka, uwindaji utafunguliwa na pori litajilipia lenyewe.

Wanyama kweli walianza kurudi. Lakini hesabu haikufunga. Wami-Mbiki iko karibu mno na Dar es Salaam, mji unaokula mkaa usiku na mchana, na mto wake huvuta mifugo wakati wa kiangazi. Gunia la mkaa huuzwa leo. Kitalu cha uwindaji huleta pesa mwakani, kama kitapata mnunuzi. Pesa ya wafadhili ilipokwisha, doria zikapungua, na mkaa, ng'ombe na majangili wakajaza nafasi. Mwaka 2021 Wami-Mbiki ikapandishwa kuwa Pori la Akiba chini ya Serikali Kuu.

Kwa wanyama huenda ni nafuu. Kwa biashara maana yake ni nyingine kabisa. Pori la Akiba ni la Serikali, na kijiji kilichokuwa mshirika wa kupanga kimerudi kuwa jirani wa kuombwa ushirikiano. Aliyetarajia kufunga mkataba wa kambi na jumuiya ya vijiji leo hubisha hodi kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, iliyoanza kazi 2016.

Wale wa milimani, Waluguru wa Mgeta, Kinole na Matombo, hawakuwahi kuwa katika meza hii. Msitu wa Uluguru uligeuzwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, nao unalindwa hasa kwa ajili ya maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Humo hakuna kitalu cha uwindaji wala mgawo wa nyama. Mnyama anayemsumbua mkulima wa huko ni nguruwe pori na tumbili, na kanuni za kifuta jasho, zilizotungwa kwa kuwafikiria tembo, kiboko, simba na wenzao, hazimsaidii sana.

MIAKA YA MSHTUKO

Kuanzia 2014 mabadiliko yalikuja kwa kasi ambayo wengi hawakuimudu. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa kwa nyara za tembo kutoka Tanzania kwa sababu ya ujangili. Sensa ya 2013 ilikuwa imekuta tembo wapatao 13,000 tu katika mfumo wa Selous. Wateja wengi wa uwindaji nchini ni Wamarekani, na mtu halipi maelfu ya dola kwa nyara ambayo forodha ya kwao haitaipokea. Kampuni zilipata hasara, na kijiji kilichokuwa kikingoja tozo kikangoja zaidi, ingawa hakikuwa na mjumbe Washington.

Mei 2016 Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Vinyonga wa milima ya Tao la Mashariki, ndege na mijusi waliokuwa wameshakusanywa walibaki katika vizimba vya wafanyabiashara. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wenye wanyama hao wangeruhusiwa kuwasafirisha kwa miezi sita, na tangazo hilo likasimamishwa karibu mara moja. Aliyekopa benki kwa kuliamini tangazo la kwanza hakuwa na pa kwenda kulalamika.

Mwishoni mwa 2017 ugawaji wa vitalu kwa maombi ulifutwa na mnada ukaahidiwa. Minada ya njia ya mtandao ilianza 2019. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilometa za mraba 30,893, na katika hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku. Ukutu ikajikuta jirani wa hifadhi ya watalii wa kamera. Hilo kwa mwenye duka si msiba. Mtalii wa kamera huja kwa wingi na hulala siku chache, anataka soda baridi na kitanda safi, ilhali mwindaji huja peke yake, hukaa hata siku 21 na hula chakula cha kambi. Lakini ni soko jingine lenye mtaji mwingine, na mwenye lori la kubebea mahema hawi mwenye hoteli kwa usiku mmoja.

Mwaka 2020 zikatoka kanuni za mabucha ya nyamapori, ili mwananchi anunue nyama halali kama anavyonunua ya ng'ombe. Kwa mjini Morogoro ni biashara inayoeleweka, kwani walaji wa nyamapori wapo tangu zamani na wengine walikuwa wakinunua gizani. Mwenye bucha lazima awe na leseni na aweze kuonyesha kila kilo ilitoka kwa nani na kwa kibali gani. Bila karatasi hiyo nyama ile ile ni nyara ya Serikali, na kifungo chake chafika miaka 20 na kuendelea. Hakuna bidhaa nyingine katika soko hili ambayo risiti iliyopotea humpeleka mwenye duka gerezani.

MAHALI PA KUSEMEA

Wafanyabiashara wengi hudhani sheria hutungwa Bungeni tu. Katika wanyamapori Bunge huweka mifupa, na nyama huwekwa na Waziri kwa kanuni zinazochapishwa katika Gazeti la Serikali. Ada za vitalu, tozo za kila mnyama, urefu wa msimu na mgawo wa vijiji vyote vimo katika kanuni. Waziri aweza kuzibadilisha bila muswada kusomwa. Kwa hiyo chama cha kampuni chenye wakili na ofisi mjini hufika mapema, ilhali jumuiya ya vijiji husikia redioni.

Muswada ukiwapo, kamati ya Bunge inayoshughulikia maliasili huita wadau kutoa maoni. Anayekwenda na hesabu husikilizwa kuliko anayekwenda na manung'uniko. Jumuiya kama JUKUMU ikieleza kwamba mwaka fulani ililipia doria kiasi hiki, ikapata kiasi hiki, na ilicheleweshewa miezi kadhaa, mbunge wa Morogoro Kusini ana kitu cha kushika mkononi.

Nje ya nchi mlango ni mwembamba zaidi. Machi 2023 Bunge la chini la Uingereza lilipitisha muswada wa kuzuia nyara za uwindaji kuingizwa. Ukakwama katika Nyumba ya Malodi kabla mwaka haujaisha. Ubelgiji ilipitisha sheria ya namna hiyo Januari 2024. Hoja za pande zote zilitolewa na watu ambao hawajawahi kulinda shamba usiku. Wapinzani wa uwindaji walizungumzia huruma kwa mnyama, watetezi wakazungumzia mapato ya vijiji, na ni wachache waliouliza ni senti ngapi hasa katika kila dola hufika kijijini. Hilo ni swali ambalo vijiji vyenyewe vingelijibu vizuri kuliko wakili yeyote, kama daftari lingekuwapo.

Anayepima kuingia katika biashara hii leo, awe muuza vyakula anayeombwa mkopo na kambi au mtu mwenye akiba kidogo anayeshawishiwa kununua hisa, ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Kitalu kilipatikana kwa mnada, kwa mkataba na jumuiya ya vijiji, au kwa ule uwekezaji mahsusi wa muda mrefu ulioruhusiwa kwa kanuni za 2020? Muda wake unakwisha lini? Pori hilo ni Pori la Akiba, Pori Tengefu au Hifadhi ya Jamii, na kuna tangazo lolote la kulibadilisha? Wateja wanatoka nchi gani, na nchi hiyo inaruhusu nyara kuingia? Kambi isiyoweza kujibu hayo kwa maandishi ilipe taslimu, magunia yakiwa bado juu ya lori.